Tarehe Ambayo Haijaandikwa Kwenye Cheti

Walimu wenzangu, na ninyi mlio njiani kuwa walimu, itifaki imezingatiwa.

Hapa mezani mnaona pedi ya wino, kitambaa, chupa ya spiriti na rundo la kadi nyeupe. Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni kama leo tunapiga kura. Hatupigi kura. Vumilieni, tutafika.

Nimeombwa nizungumzie karatasi moja tu kati ya lundo zima la karatasi anazodaiwa mtu anayekwenda kufundisha nje ya nchi yake: ile inayotoka polisi kueleza kama una rekodi ya uhalifu. Wengine huiita cheti cha maadili mema, wengine hati ya tabia njema. Mimi nitasema cheti cha polisi, kwa sababu sijawahi kuona kikipima maadili ya mtu. Kazi yake ni kufungua daftari, kutafuta jina lako na vidole vyako, na kusema kilichoonekana humo. Basi.

Nianze na aibu yangu. Kazi yangu ya kwanza ya nje niliikosa kwa ajili ya cheti hiki, na sikuwa na kesi yoyote maishani. Nilikuwa nimefanya usaili, nimefaulu, nimesaini mkataba, nimeshaaga nusu ya ukoo. Ndipo nikaenda kuomba cheti. Nilijiambia moyoni: mtu safi atachunguzwa nini? Watafungua, wataona patupu, watagonga muhuri. Sikujua kwamba foleni haiulizi kama u safi. Jalada la mtu asiye na kosa na la mwenye makosa kumi hulala kwenye trei moja, yakisubiri mkono uleule.

Wiki ya saba ikaja bahasha. Niliifungua nimesimama, sikuweza hata kukaa. Ndani hamkuwa na cheti. Kulikuwa na kadi yangu mwenyewe ya alama za vidole, imerudishwa, na kikaratasi chenye mstari mmoja: alama hazisomeki. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, yaani gumba, cha shahada na cha kati. Ukiwa mwalimu huhitaji kuambiwa kwa nini ni hivyo vitatu. Miaka kumi na mmoja ya kushika chaki ilikuwa imeikausha ngozi hadi mistari yake ikawa kama maandishi yaliyofutwa nusunusu ubaoni. Nikapiga alama upya, nikarudi mkiani mwa foleni. Cheti kilipotoka, muhula ulikuwa na siku tisa tangu uanze, na darasa langu lilikuwa na mwalimu mwingine. Barua ya ile shule ilikuwa na adabu sana. Ninayo hadi leo.

Sasa, najua kuna wanaokereka. "Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka yote hii, leo naulizwa kama ni mhalifu?" Nawaelewa, nami nilikereka. Lakini masharti haya hayakutungwa na watu waliokosa kazi. Mwaka 2002, katika mji wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunza majengo wa shule moja ya hapo. Baadaye ikajulikana kwamba polisi wa eneo alikoishi kabla walikuwa wameshapokea tuhuma nzito dhidi yake, lakini habari hizo hazikumfikia aliyemwajiri. Tume ya Sir Michael Bichard ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na miaka miwili baadaye Uingereza ikapitisha sheria ya kulinda watu walio katika hatari, ikabadili namna ya kuwachunguza wote wanaofanya kazi na watoto.

Kisha ikaja Oktoba 2007. Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa nchi mbalimbali, walisambaza duniani picha ya mtu aliyedhulumu watoto, mtu ambaye alikuwa ameuvuruga uso wake kwenye kompyuta ukawa kama maji yanayozungushwa kwenye kikombe. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliurudisha uso ule ukaonekana. Haikupita wiki mbili akakamatwa Thailand. Alikuwa nani? Mwalimu wa Kiingereza, mgeni, na hadi siku chache kabla alikuwa akifundisha Korea Kusini. Kabla mwaka haujaisha, Korea Kusini ikaanza kudai cheti cha polisi kwa kila mgeni anayeomba viza ya kufundisha lugha. Hispania nayo, tangu sheria yake ya 2015, haimruhusu mtu kufanya kazi ya kukutana na watoto mara kwa mara bila kuonyesha kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa makosa ya kingono.

Lakini nikiwa mkweli, yule mtu wa 2007 angeomba cheti mwaka mmoja kabla, huenda angekipata safi kabisa. Cheti hakijui ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo tusikitukuze kupita kiasi, na tusikidharau. Tukiwahi tu.

Na hapo kwenye kukiwahi ndipo penye mtego. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa cheti hiki kuna la pili ambalo hawakulisema: ukiwahi mno, mwana utamkuta amezeeka. Cheti cha polisi kina tarehe mbili. Ya kwanza imechapwa juu yake, siku kilipotolewa. Ya pili haijaandikwa popote kwenye karatasi hiyo. Iko kwenye kanuni za nchi unakokwenda. Korea Kusini, kwa mfano, hutaka kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya maombi ya viza. Wengine husema miezi 3. Polisi waliokupa cheti hawakwambii hilo, kwa sababu haliwahusu.

Ngoja tupige hesabu pamoja, wenye kalamu waandike. Tuseme shule inafunguliwa tarehe 1 Septemba na wanakutaka uwe umefika tarehe 15 Agosti. Rudini nyuma. Ubalozi unasema viza ni wiki nne: maombi yaingie tarehe 18 Julai. Kabla ya viza, shule inaombea kibali cha kazi kule kwao, wiki nne nyingine: karatasi ziwe mikononi mwao tarehe 20 Juni. Kuzisafirisha, wiki moja: ziondoke tarehe 13 Juni. Kuthibitishwa kwa matumizi ya nje, tuseme wiki tano: tunarudi tarehe 9 Mei. Cheti chenyewe kutengenezwa, wiki sita: tarehe 28 Machi. Na vidole vikikataa mara moja, kama vyangu? Ongezeni mwezi. Tuko mwishoni mwa Februari, na bado hatujaweka sikukuu hata moja.

Sasa tazameni upande wa pili. Yule mwenzetu mwenye bidii aliyekichukua cheti chake tarehe 10 Januari ili asihangaike, siku ya kuomba viza tarehe 18 Julai ana karatasi ya miezi sita na siku nane. Imekufa. Mwenye bidii na mvivu wamekutana kwenye dirisha moja.

Wiki hizo nimezitaja kwa mfano. Kila nchi ina zake na hubadilika. Kinachobaki ni namna ya kuhesabu: anza na siku ya mwisho, rudi nyuma. Na wakisema wiki sita, uliza zinaanza lini. Mara nyingi ni tangu siku waliyopokea, wala si siku uliyotuma, na kati ya hizo mbili mzigo unaweza kulala kwenye chumba cha barua siku nyingi.

Ndiyo maana nawashauri jambo ambalo huwashangaza watu. Shahada yako haizeeki. Ukiithibitisha leo, mwaka ujao bado ni ileile. Kwa hiyo miezi ambayo ni mapema mno kuomba cheti cha polisi, malizeni shahada, vyeti vya ualimu, cheti cha ndoa kama mnakwenda na mwenza. Dirisha la cheti cha polisi likifunguka muwe na kazi moja tu mkononi. Wengi hufanya kinyume: huanza na cheti cha polisi kwa sababu kinatisha, kisha shahada inawachelewesha huku cheti kikiiva, kikioza.

Kuhusu kuthibitisha, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hupotelea.

Cheti chako kina saini ya ofisa fulani. Ofisa wa nchi ya mbali atajuaje kama saini hiyo ni ya kweli? Zamani karatasi ilizungushwa kutoka wizara hadi wizara, hadi ubalozini, kila mmoja akithibitisha saini ya aliyemtangulia. Tarehe 5 Oktoba 1961, huko The Hague, Uholanzi, nchi kadhaa zikakubaliana kuufupisha mlolongo huo kwa cheti kimoja kidogo kinachobandikwa au kuambatishwa kwenye karatasi. Kinaitwa apostili. Mkikiona mtakijua: ni mraba, kila upande usipungue sentimita 9, una vipengele 10 vyenye namba, na kichwa chake lazima kiwe cha Kifaransa hata kama kimetolewa nchi ambayo hakuna anayezungumza Kifaransa. Kina namba yake, na ofisi iliyokitoa inawajibika kuiweka kwenye rejista. Anayekipokea anaweza kuuliza: namba hii mliitoa kweli? Kwa hiyo anayekuahidi apostili ya uchochoroni anakuuzia karatasi inayojishtaki yenyewe.

Apostili haisemi kwamba yaliyomo ni kweli. Inasema tu kwamba saini ni ya nani, ana cheo gani, na muhuri ni wa nani. Nalisema hili kwa sababu kuna watu hudhani cheti chenye kosa la jina kitanyooshwa na apostili. Kosa litathibitishwa hivyohivyo, kwa muhuri mzuri.

Nchi zilizo kwenye mkataba huo sasa zimepita 120. Korea Kusini iliingia 2007. China ilianza kuutumia tarehe 7 Novemba 2023, na Kanada tarehe 11 Januari 2024. Walimu waliokuwa wakienda China kabla ya hapo wanajua adha ya kuzunguka ubalozini. Lakini apostili hufanya kazi pale nchi zote mbili, utokako na uendako, zinapokuwa wanachama, na tena moja isiwe imeipinga nyingine, maana mkataba unaruhusu kupinga. Moja ikikosekana, mnarudi kwenye njia ya zamani: wizara, kisha ubalozi. Hilo ulizeni shule kabla ya jambo jingine lolote, na jibu liwe kwa maandishi.

Swali la pili la kuuliza: cheti cha ngazi gani? Mfano mzuri ni Marekani. Huko polisi wa jimbo hutoa cheti chao, na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, hutoa cha taifa zima. Mwalimu huenda polisi ya jimbo, anapata haraka, anafurahi, kisha Korea Kusini inamwambia tunataka cha taifa. Au amepata cha FBI, akakipeleka kwenye ofisi ya jimbo kuombewa apostili, kikarudishwa, kwa kuwa hati ya serikali kuu huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, na ya jimbo huthibitishwa na jimbo. Mwingine anakipeleka kwanza kwa wakili akigonge muhuri, akidhani anakiongezea nguvu, kumbe anakiharibu. Uingereza nao wana vyeti vya aina zaidi ya moja, na tangu 2012 wana kimoja kilichotengenezwa mahsusi kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nchi za nje. Shule nyingi za kimataifa hukitaja kwa jina. Ukileta kile cha kawaida wanakushukuru na kukuuliza kiko wapi kile kingine.

Kama kinatakiwa kwenye lugha nyingine, tafsiri ije baada ya apostili, ili mfasiri aliyeapishwa aitafsiri na apostili yenyewe. Ukitafsiri kwanza, utalipa mara mbili.

Majina. Mwanangu mmoja wa kazi, nimemwita mwanangu ingawa tumepishana miaka sita tu, pasipoti yake ina majina matatu, shahada ina mawili, na cheti cha polisi kikatoka kwa jina la ndoa. Kila karatasi ni ya kweli. Zikiwekwa pamoja, ni watu watatu. Cheti cha polisi kifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na majina yote mliyowahi kutumia myataje kwenye fomu. Msiyafiche kwa kuona ni usumbufu. Jina lililofichwa likigunduliwa huonekana kama lilifichwa kwa sababu.

Nchi mlizowahi kuishi nazo zina neno. Anayekwenda kufundisha Uingereza kwa viza ya ajira huulizwa cheti cha kila nchi nyingine aliyokaa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu alipofika umri wa miaka 18, hata kama miezi hiyo haikufuatana. Fikirieni mtu aliyefundisha nchi tatu. Anaanza kuandikia ofisi za mbali, kwa lugha aliyoanza kuisahau, akiomba alama za vidole zipokewe kwa posta. Kwa hiyo mkimaliza mkataba popote, kabla ya kufunga mizigo, pitieni polisi mchukue cheti cha hapo. Najua nimesema cheti huzeeka. Hiki ni tofauti kidogo: ukiwa umekwisha kuondoka nchi fulani na hujarudi, wapo wanaokikubali kile ulichokichukua siku za mwisho. Na hata wasipokikubali, una namba ya jalada ya kuanzia.

Na mwenye doa je? Yupo humu, sihitaji kumjua. Rekodi ya zamani haimaanishi mlango umefungwa kila mahali. Kosa la ujana lisilohusu watoto, ukatili wala dawa za kulevya, wapo wanaolipima na kuendelea. Cheti cha polisi cha Uingereza kinaweza kuwa na mojawapo ya maneno mawili yanayofanana: la kwanza husema hakuna rekodi iliyoonekana (No Trace), la pili husema hakuna rekodi iliyo hai (No Live Trace). La pili linamaanisha kulikuwa na jambo, limepita muda wake. Ofisa mzoefu anaijua tofauti hiyo, kwa hiyo ni bora asikie habari kutoka kwako kabla hajaisoma. Na kama kilichoandikwa si sahihi, mathalani ulikamatwa, kesi ikafutwa, lakini kufutwa kwake hakukuingizwa, una haki ya kuomba kirekebishwe. FBI wana utaratibu wake. Ila marekebisho nayo yana foleni, na foleni hiyo hatukuiweka kwenye ile hesabu yetu ya kurudi nyuma hadi Februari. Anayejua ana jambo, aombe nakala yake mwenyewe mapema, ya kusoma tu, hata kama itazeeka. Aone kilichomo.

Mawakala wanaosema wana mtu ndani sitawapa muda mrefu. Mtu aliye ndani akikutolea cheti kabla ya vidole vyako kulinganishwa, umenunua karatasi ya kughushi, na sasa ndiyo una kosa.

Haya, vidole.

Siku tano hadi saba kabla ya kupiga alama, pakeni mafuta au losheni mikononi kila usiku, hasa ninyi wa chaki na ninyi mnaofua kwa sabuni kali. Siku yenyewe msipake. Mafuta hufanya wino uteleze. Osheni mikono, ikausheni, kisha spiriti kidogo kwenye ncha za vidole, kausheni tena. Mwenye mikono ya baridi aikunjekunje ipate damu. Wino uwe mwembamba. Watu hudhani wino mwingi ndio alama nzuri, kumbe unajaza mabonde yaliyo kati ya mistari, ikabaki doa jeusi kama la kidole kilichotiwa kwenye masizi.

Kidole hakigandamizwi, kinaviringishwa, kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, mara moja tu bila kurudi. Gumba linaviringishwa kuelekea mwilini, vingine vinne kutoka mwilini kwenda nje, maana ndivyo mkono unavyojilegeza wenyewe. Na kazi ya kuviringisha ni ya yule anayewashika mkono. Ninyi legezeni bega, tazameni pembeni. Mtu mwenye hamu ya kusaidia ndiye huharibu alama. Kidole kinateleza robo milimita, mistari inajirudia juu ya mistari. Mkimaliza, kabla hamjaondoka, chukueni kadi muielekeze kwenye mwanga. Mkiona mistari inatiririka, ikizunguka kitovu pale katikati, sawa. Mkiona wingu, ombeni kadi nyingine palepale. Hiyo ni dakika mbili. Mimi ilinichukua muhula.

Wenye mashine za kuskani wana bahati, mashine hukataa alama mbovu hapohapo. Lakini si kila ofisi inayo, na ukiomba kutoka mbali mara nyingi ni kadi na wino.

Kadi hizi nilizokuja nazo ni za mazoezi, haziendi popote, mtazichana wenyewe mkitoka. Tutakwenda safu kwa safu. Kunjeni mikono ya mashati, vueni pete. Wewe wa mbele, uliyeuliza habari za kura, njoo. Kisanduku namba moja ni gumba la kulia. Legeza bega.